Dawa ya mwarobaini kwa wadudu wa udongo

Dawa ya mwarobaini kwa wadudu wa udongo ni maji yaliyolowekwa mbegu au majani ya mwarobaini (Azadirachta indica), ambayo humwagwa kwenye vyungu vya maua ili kupunguza wadudu wanaoshambulia mizizi. Asili ya mti huo ni kusini mwa Asia, lakini huvumilia ukame, na mjini Dodoma umeenea barabarani na majumbani. Kwa hiyo dawa yake haina gharama.

Nguvu yake inatokana hasa na kemikali ya azadiraktini, iliyo nyingi zaidi katika mbegu kuliko majani. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nchini Sudan nzige wakila mimea yote na kuuacha mwarobaini. Mwaka 1968 kemikali yenyewe ilitengwa nchini Uingereza.

Azadiraktini humfanya mdudu asile, tena huvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi. Funza hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa, kisha hushindwa kukua. Jina la mti, linalohusishwa na imani kwamba unatibu magonjwa arobaini, huwafanya wengi watarajie muujiza. Wakikuta funza bado wako hai asubuhi, hukimbilia sumu ya shambani na kuiingiza katika nyumba yenye watoto.

Kokwa kavu gramu 50 hutwangwa, hulowekwa usiku kucha katika lita 1 ya maji, kisha huchujwa kwa kitambaa. Maji hayo hutumiwa siku hiyohiyo, maana nguvu yake hupotea upesi, hasa juani. Hurudiwa kila wiki kwa majuma matatu hivi, ili kuwapata funza wanaoanguliwa baadaye.

Mchwa hawamalizwi kwa njia hii, kwa kuwa kiota chao kiko nje ya chungu. Afadhali chungu kiinuliwe juu ya matofali. Vijinzi weusi wanaoruka chungu kikiguswa hufuata udongo uliolowa mno, na kuacha tabaka la juu likauke husaidia kuliko dawa yoyote. Samadi mbichi ya zizini huweza kuleta mabuu ya mbawakawa, hivyo ioze kwanza. Majivu yatumiwe kidogo tu, hasa pale maji ya kisima yana chumvichumvi.

Dawa hii isinywewe. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliopewa kama tiba.