Nyumba ya Nguo Chini ya Misonobari

Mtu anunuapo hema huambiwa kwamba ni la watu watatu, naye aghalabu husadiki, kwa sababu hajui kwamba waundaji wa mahema huwapanga watu kama magunia ya karafuu katika tumbo la jahazi: kila mmoja hupewa upana wa sentimita 60, na pengine pungufu, wala hapana hesabu ya mizigo, ya viatu vilivyorowa, wala ya yule ambaye hulka yake ni kugeuka usiku kucha. Ndiyo maana wazoefu hununua hema la watatu wakalala wawili, na ndivyo tulivyofanya mimi na shemeji yangu, mtu wa Pangani aliye mrefu kama mlingoti, tulipokwenda mwezi wa Juni kulala usiku mmoja katika msitu wa Glen Affric, kaskazini mwa Uskoti, ili tujue kama nafasi iliyozidi inastahili uzito wake.

Ni vema niseme kwanza kwamba kulala porini pasipo kambi ya kulipia si jambo la ruhusa kila mahali katika Uingereza. Uskoti ina sheria ya ardhi ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2005, inayompa kila mtu haki ya kupita na kulala katika sehemu kubwa ya nchi, maadamu awe na adabu: watu wawe wachache, wasikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili au tatu, na waondokapo wasiache alama. Kandokando ya ziwa la Loch Lomond haki hiyo imebanwa tangu 2017, na sehemu nyingi huko hutakiwa kibali tokea Machi hata Septemba, kwa kuwa wageni walizidi, na takataka zao zikazidi wageni. England na Wales hali ni nyingine kabisa. Huko sharti umwombe mwenye ardhi, isipokuwa katika nyika ya Dartmoor, ambako kesi ilipanda hata Mahakama ya Juu, nayo mwezi Mei 2025 ikahukumu kwamba haki ya kupiga kambi imo katika sheria ya huko ya 1985.

Hema letu lilikuwa na umbo la handaki, fito zake tatu za aluminiamu zimepinda kama mbavu za dau lililofudikizwa. Chumba cha ndani kilikuwa na upana wa sentimita 180 na kimo cha 120, na mbele yake kibaraza kilichofunikwa, mahali pa kuvulia viatu na kuweka mizigo. Kwa mizani ya jikoni lilikuwa kilo 3.9. Hema dogo la watu wawili lingekuwa kilo 2 au chini yake, na tofauti hiyo, ambayo dukani huonekana si kitu, mgongoni mwa mtu apandaye kilima huongezeka kila hatua. Babu zetu waliotoka Bagamoyo na misafara ya karne ya 19 waliijua hesabu hii kwa shingo zao: mpagazi alichukua frasila mbili hivi, yapata kilo 32, na hema zito la turubai la msafiri wa Kizungu lilikuwa mzigo wa mtu mzima, pengine wa wawili, ilhali mchukuzi mwenyewe hakulala ndani yake.

Uzito, hata hivyo, si gharama pekee ya nafasi. Katika uwanja ulio wazi hema pana hukaa popote. Katika msitu miti ndiyo hukupimia kiwanja. Sisi tulihitaji ardhi iliyo sawa ya mita tano kwa mbili na ushei, na kwa saa nzima hatukuipata. Mahali pa kwanza palipendeza mno, hata shemeji akatua mzigo, lakini nilipoinua macho niliona tawi kavu limening'inia juu yetu. Mwenye kulala msituni hutazama juu kabla ya kutazama chini, kwa kuwa tawi lililokufa halingoji tufani. Mahali pa pili palikuwa bonde dogo ambalo mvua ingeligeuza birika. Pa tatu mizizi ya msonobari ilitambaa chini ya udongo mwembamba, na kila kigingi tulichokipiga kilirudi juu kana kwamba kimekataliwa posa. Hema la handaki halisimami bila vigingi, tofauti na lile la kuba ambalo fito zake hupishana na kujitegemeza, na hapo nilianza kulijutia chaguo langu. Hatimaye tukapata kipande baina ya misonobari mikongwe, chenye kitanda laini cha kuvumwani, tukalisimamisha kwa dakika kumi.

Msitu ule hauna chui wala simba, na mbwa-mwitu wake walikwisha angamizwa karne kadhaa zilizopita. Mwenye mamlaka huko ni usubi. Mdudu huyu, mdogo kuliko punje ya ufuta, hupenda kivuli, unyevu na hewa tuli, na kwa hiyo msitu ni ikulu yake. Jike ndiye aumaye, akitafuta damu ya kukuzia mayai, naye huongozwa na harufu ya pumzi zetu. Upepo wa kutosha kutikisa majani humshinda kuruka, lakini jioni ile jani halikutikisika. Jua lilikuchwa saa nne na robo usiku, kama ilivyo desturi ya kaskazini wakati wa kiangazi, na shemeji akatoka kusali magharibi akielekea kusini-mashariki, iliko kibla ya huko. Alirudi uso wote umevimba, akaniuliza kama usubi ni udhuru wa kusali isha ndani kwa kukaa, maana kimo cha hema hakikumruhusu kusimama. Nikamwambia mimi si kadhi.

Hapo ndipo nafasi ilipoanza kujilipa. Tulifunga mlango wa wavu, ambao matundu yake sharti yawe madogo kuliko ya chandarua cha mbu, la sivyo usubi hupita kama mwenyeji, tukakaa kitako wawili tukielekeana, na mizigo yetu kibarazani, tukala mkate na samaki wa kopo. Katika hema dogo tungelala chali tangu magharibi, kama maiti katika mwanandani, tukiitazama nguo iliyo shibiri moja juu ya pua. Chai tulikuwa tumekwisha kuipika nje mapema na kuitia katika chupa, kwani jiko la gesi katika hema lililofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu wengi usingizini.

Usiku wa manane mvua ikaja. Kitambaa cha nje kilihimili, na mshono haukuvuja, ila nilijifunza kwamba chini ya miti mvua hunyesha mara mbili: mbingu zilipokwisha kunyamaza, misonobari iliendelea kudondosha maji yake, matone mazito yakipiga nguo kama vidole juu ya dufu, hata kukaribia mapambazuko. Kwa upande wa umande niliona manufaa. Mtu mmoja hutoa kwa pumzi na ngozi robo lita ya maji au zaidi kwa usiku, na maji hayo hugeuka matone juu ya nguo iliyo baridi. Lakini majani yaliyo juu huzuia joto la hema lisipotelee mbinguni, na upana ulitupa hewa ya kupita, basi asubuhi tulikuta unyevu kidogo tu upande wa miguu. Hata hivyo baridi ilizidi nilivyotaraji, maana miili miwili haitoshi kutia joto chumba cha watatu.

Jua lilichomoza kabla ya saa kumi na nusu alfajiri. Tulikaguana kupe, tukang'oa vigingi, na shemeji akayainua kwa vidole yale majani tuliyoyalalia. Kilichobaki ni kulirudisha hema katika mfuko wake, nao ukalikataa mara tatu, kwa kuwa lilikuwa limekunywa mvua. Nilipolipima nyumbani lilikuwa kilo 4.7. Wakati wa kuja nililichukua mimi. Shemeji alilitazama, akaitazama njia, akasema, "Shemeji, nadhani zamu yako haijaisha."