Makaroni Yaliyolala

Mpe mtu wa kwetu Rujewa makaroni baridi, atakuuliza kama gesi imekuishia. Huyohuyo asubuhi amekula kiporo cha wali kwa chai, wala hakuguna. Kwa kemia, vyakula hivyo viwili ni ndugu, ndiyo maana huudhika mtu akiniambia makaroni yaliyopoa "yameharibika" kwa sababu tu yamekakamaa.

Ndani ya makaroni, kama ndani ya punje ya mchele, mna chembe za wanga zenye minyororo ya aina mbili: amilosi, iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Maji ya moto yakiingia, chembe huvimba, minyororo huachana, chakula kikalainika. Kikipoa, minyororo ya amilosi hutafutana tena, ikalaliana na kushikamana, huku maji yakisukumwa nje. Amilopektini hufuata polepole, na baridi ya friji huichochea. Ukipasha moto, mafungu ya amilopektini huachia kwenye nyuzi 60 hivi, lakini ya amilosi hayaachii hata maji yakitokota. Vimeng'enya vya utumbo mwembamba navyo haviyawezi, kwa hiyo sehemu ya wanga huo hupita hadi utumbo mpana na kuwalisha bakteria wa huko. (Si dawa ya kisukari, tusianze.)

Kwa kuwa makaroni yatakakamaa yakipoa, yachemshe dakika mbili kupita ambavyo ungeyala ya moto, yasuuze kwa maji safi ya baridi, kisha ongeza chumvi na ndimu kuliko ulivyozoea, maana baridi hufifisha ladha.

Ukitaka kuyachanganya kwa mtindo wa Mexico, watu wa huko tusiwaogope. Mahindi yalianza kulimwa kwao miaka 9,000 hivi iliyopita, na maharage, nyanya, pilipili na parachichi vina historia ndefu hukohuko. Sisi tuna parachichi la Rungwe, nyanya za Ilula zinazoozea kwenye matenga msimu ukikolea, na maharage kila gulio. Kinachotoka mbali ni makaroni yenyewe, kwa kuwa ngano nyingi tunaagiza nje. Na hapo ndipo panaponikera. Tumekaa katikati ya mpunga wa Usangu, mashine zinakoboa na kutoa chenga kila siku, chenga tunawamwagia kuku. Vietnam na Thailand chenga husagwa zikawa tambi, na kinachozuia tambi hizo kukatika ni amilosi ileile inayoshikamana ikipoa. Na mpunga huo una gharama: tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu hukauka kiangazi, na maji tunayoyavuta kwenye majaruba yana mkono wake. Mchele uliotugharimu mto, hata punje zake zilizovunjika zilistahili heshima kuliko kumwagiwa kuku.

Jambo moja halina mzaha. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa, huamka chakula kikikaa vuguvugu, na sumu yake moja ya kutapisha haiondoki ukipasha moto tena. Sufuria lililofunikwa usiku kucha juu ya jiko ni kaburi la mtu mvivu. Tandaza makaroni kwenye sinia yapoe upesi, na ndani ya saa mbili yawe kwenye friji. Parachichi likatwe mwishoni na kupakwa ndimu, lisiwe jeusi.

Makaroni haya hufaa kwa samaki wa kukaanga, kwenye kontena la mtoto wa shule kama halitakaa muda mrefu bila baridi, msibani, safari fupi ya basi, na kwa kuku wa jana.