Mokambo: mpaka uliofuata njia ya maji

Mvua ikinyesha Mokambo, katika teritware ya Sakania, maji yanaachana. Ya upande wa Mufulira, Zambia, yanashuka mto Kafue, kisha Zambezi, hadi Bahari ya Hindi. Ya upande wa Kongo yanaenda Luapula, na mwishowe Atlantiki.

Pale yanapoachana ndipo mpaka. Mwezi Mei 1894, Uingereza na mfalme Leopold II wa Ubelgiji walipatana: mpaka ufuate Luapula hadi ziwa Bangweulu, kisha uelekee kusini moja kwa moja mpaka kwenye mgongo huo unaogawa maji. Ndivyo ncha ya Katanga ilivyoingia ndani ya inchi inayoitwa leo Zambia. Balamba walijikuta pande zote mbili. Hakuna aliyewauliza.

Leo Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa hukata njia kupitia Kongo, karibu kilometa 70, toka Mokambo hadi Chembe, penye daraja lililofunguliwa mwaka wa 2008. Akikuta kizuizi kimefungwa, anazunguka mamia ya kilometa.

Mwaka wa 1964 wakuu wa Afrika waliamua mipaka ya ukoloni isiguswe. Kwa hiyo mstari utabaki. Kwa wakaaji wa Mokambo, jambo kubwa ni kizuizi kuwa wazi.