Mtoto wa Makabila Mawili Anapofika Chuoni

Sange, katikati ya Bonde la Ruzizi, mashariki ya Kongo, Bafuliiru na Barundi wameoana tangu zamani. Mtoto wa ndoa hizo husema Kifuliiru kwa shangazi, Kirundi kwa mjomba, na Kiswahili sokoni. Nyumbani hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Swali huja anapokwenda kusoma Uvira au Bukavu.

Huko wanafunzi wa asili moja wana mitualite yao, yaani chama cha kusaidiana. Humtafutia mgeni chumba, humchangia akiugua au akifiwa. Kwa kijana asiye na ndugu mjini, huo ni msaada mkubwa, nami siubezi hata kidogo. Lakini kabla ya kupokelewa huulizwa: “Wewe wa wapi? Na mama je?” Hata kadi ya mpiga kura, inayotumika kwetu kama kitambulisho, ina nafasi moja tu ya asili, na kwa desturi hujazwa ya baba.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza sana jambo hili la kuwa na asili mbili huko Marekani, hasa kwa vijana waliozaliwa na mzazi mweusi na mzazi mzungu. Mwaka 1990 Carlos Poston alilieleza kama safari ya hatua tano: mtoto huanza kwa kujijua kama mtu tu, baadaye husukumwa kuchagua upande, huumia kwa kuhisi amemkana mzazi mmoja, kisha huanza kuuthamini urithi wake wote, hadi mwisho anajiona mzima. Mwaka 2004 Kristen Renn, aliyewahoji wanafunzi wa vyuo, alionyesha kwamba maisha hayaendi kwa ngazi hivyo. Wapo wanaoshika upande mmoja, wapo wanaojitaja kwa pande zote mbili, wapo wanaojiona kundi lao wenyewe, na wapo wanaokataa kabisa kupangwa. Wengi hubadilika kulingana na mahali walipo na watu walio nao. Kwa Renn, hakuna namna iliyo chini ya nyingine.

Hili la mwisho ndilo ninalotaka wazazi na walimu walielewe. Kijana anayesema Kifuliiru kwenye mkutano wa mitualite, na jioni akampigia mama simu kwa Kirundi, hamdanganyi mtu. Kumwita kigeugeu ni kumwonea. Anafanya alichokifanya utotoni kati ya shangazi na mjomba, ila sasa anafanya mbele ya watu wanaotaka jibu moja.

Kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Marekani havikulipima vya kutosha, nalo ni hofu. Mgogoro wa Bafuliiru na Barundi kuhusu uchifu wa Bonde la Ruzizi ni wa miaka mingi. Aprili 2012 Mwami Floribert Ndabagoye, chifu wa Barundi, aliuawa, na usiku wa Juni 6, 2014, watu wasiopungua 30 waliuawa Mutarule, jirani na Sange. Baada ya hayo, mwanafunzi anayeficha lugha ya mama yake huenda haoni haya wala hajapotea, anajilinda tu. Mshauri asiyejua historia hiyo atamhimiza ajitangaze, na ushauri huo unaweza kumweka hatarini.

Kumchagulia mtu upande kuna historia nyingine Kongo. Wakati wa ukoloni, serikali ya Ubelgiji iliwanyang'anya mama zao Wakongo watoto waliozaliwa na baba wazungu. Wanawake watano waliochukuliwa kabla ya kutimiza miaka saba, wakapelekwa kwenye misheni ya Katende, Kasai, waliishtaki Ubelgiji wakiwa wazee. Desemba 2, 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba waliyotendewa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Sheria ya uraia ya Kongo ya Novemba 12, 2004, inatambua kwamba mtoto hupata uraia kupitia baba au mama. Vyuo vyetu na mitualite zetu viige hapo. Fomu ya mgeni iwe na mstari wa mama, na anayetaka kuuacha wazi aruhusiwe. Mwanafunzi akitaka kuhudhuria mitualite mbili, ahudhurie zote na achangie zote. Na mzazi wa Sange anayemfungia mtoto begi la safari asimwagize asiseme lugha ya mama. Amweleze ni wapi pana usalama wa kuisema, na kwa nini.