Mja mzito, zijue wiki zako: Pumzi ya mtoto huzitegemea

HUENDA umesikia ikisemwa kwamba mtoto wa miezi saba huishi lakini wa miezi minane hufa. Imani hii ni ya kale na imeenea duniani, lakini si kweli. Kila wiki anayoongeza mtoto tumboni humzidishia nafasi ya kuishi, na sababu moja kubwa ni mapafu yake.

Mapafu yana vifuko vidogo mno vya hewa. Ili visinate tunapotoa pumzi, mwili hutengeneza ute unaovipaka kwa ndani, uitwao safaktanti. Mtoto huwa na ute wa kutosha akikaribia wiki ya 35 hivi. Akizaliwa mapema zaidi, vifuko hujifunga, naye huhangaika kwa kila pumzi mpaka achoke.

Agosti 1963 maradhi haya yalimuua Patrick, mwana wa Rais John Kennedy wa Marekani, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati. Aliishi saa 39 tu. Cheo cha baba hakikumfaa kitu, kwa kuwa tiba haikuwako.

Sindano nne

Leo kinga iko. Mwaka 1972 madaktari Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama aliye karibu kujifungua kabla ya wakati akipigwa sindano za steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Dawa inayotumika sana ni deksamethasoni, ambayo si ghali: sindano nne, moja kila baada ya saa 12. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2020, ambao Kenya ilishiriki, ulionyesha kwamba kwa kila akina mama 25 waliopewa dawa hiyo, mtoto mmoja aliokolewa.

Hata hivyo, usiinunue dukani. Utafiti wa 2015, ambao Kenya pia ilikuwamo, ulionyesha kwamba dawa ilipoenezwa hadi vituo vidogo, wengi waliopewa hawakujifungua mapema, na vifo vya watoto viliongezeka. Hivyo hutolewa mimba ikiwa kati ya wiki 24 na 34, mama hana maambukizi, na hospitali inaweza kumtunza mtoto.

Ufanye nini?

Msomaji wa Mtwapa, daktari hawezi kukusaidia asipojua wiki zako. Kwa hivyo:

• Andika tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na uanze kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza.

• Lala ndani ya chandarua chenye dawa na umeze tembe za kuzuia malaria unazopewa kliniki. Malaria huweza kuleta uzazi wa mapema, na huku Pwani haijaisha.

• Kabla ya wiki 37, ukiona damu, maji yakimwagika, au maumivu ya tumbo au kiuno yanayokuja na kuondoka, nenda hospitali mara moja. Usingoje kukuche. Dawa huhitaji muda kufanya kazi, na kila saa ni mali.

• Wewe baba, weka akiba ya nauli na uwe na nambari ya dereva. Jueni mapema kama mtakwenda Hospitali ya Kaunti ya Kilifi au mtavuka daraja kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Ni afadhali mtoto asafiri tumboni kuliko mikononi.

Akizaliwa njiani au nyumbani, mkausheni, mvisheni kofia, na mlazeni kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mkiendelea na safari. Baridi humzidishia shida ya kupumua. Akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, akiguna, mbavu zikibonyea ndani au ulimi ukigeuka samawati, hiyo ni hatari. Msimpe dawa ya kienyeji wala maji, mfikisheni hospitali.