Ada, Ukiukaji na Jinai: Makala ya Tatu

Katika makala iliyotangulia tulieleza kwamba ada ni amri isiyo na askari, ambayo mtu huitii kwa kuchelea fedheha mbele ya wenziwe kabla hajamchelea hakimu. Leo twauliza kitendo hugeukaje kuwa jinai. Maana wengi hudhani kuwa ubaya umo ndani ya kitendo chenyewe, nami sioni jinsi dhana hiyo iwezavyo kusimama mbele ya habari za shaba katika nchi ya Lualaba, tangu Kolwezi hata Mutshatsha.

Kabla ya Wazungu kuja, Wasanga, wenyeji wa nchi hiyo, walichimba madini wakati wa kiangazi, wakayayeyusha na kuyafanya misalaba iliyotumika katika biashara na mahari. Kazi hiyo ilikuwa na wakuu wake na matambiko yake, wala aliyeifanya hakuitwa mwivi. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, na tangu hapo mkono uliochimba bila idhini yake ukawa mkono wa mkosaji. Mali ya kampuni hiyo ikataifishwa mwaka 1967, ikawa baadaye Gécamines. Nayo ilipodhoofika, hasa baada ya mgodi wa Kamoto kubomoka mwaka 1990, na mishahara ikakatika, serikali yenyewe ikawaachia raia wachimbe. Sheria ya madini ya 2002 iliwawekea kadi na maeneo maalumu, lakini maeneo hayo ni haba, na ardhi iliyo bora karibu yote imekwisha gawiwa makampuni. Hivyo sururu ni ile ile, ila aishikaye ameitwa kwa zamu fundi, mwivi, mchimbaji halali na mvamizi.

Haya ndiyo aliyoyakusudia Howard Becker, mwanazuoni wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1963: kwamba ukiukaji ni jina wanalopachikwa watu na wale wenye uwezo wa kutunga kanuni.

Wala tusidhani kuwa aliyevunja sheria ya dola hana sheria. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, mtu mmoja alichimba kwake akakuta madini ya kobalti, na baada ya muda si mrefu watu wakawa wanachimba uani na hata sebuleni, chini ya maturubai, mashimo yakikutana chini ya kuta za jirani. Ungeingia humo ungekuta taratibu kali: mwenye nyumba ana fungu lake, aliyetoa fedha za chakula na kamba ana lake, wachimbaji wana lao, na mwanamke asikaribie shimo, eti madini yatatoweka. Ada hii ya mwisho naiona dhulma tupu, lakini ni ada, nayo hutiiwa kuliko sheria iliyopigwa chapa Kinshasa.

Émile Durkheim alifundisha kwamba adhabu huwaunganisha watu wema. Sharti lake, nadhani, ni kwamba wawe wameafikiana kwanza juu ya lililo ovu, na huku Lualaba hawajaafikiana. Mwezi Juni 2019 ardhi ilipoporomoka katika mgodi wa kampuni uitwao KOV, huko Kolwezi, na kuua wachimbaji zaidi ya 40, serikali ilipeleka jeshi kuwaondoa waliosalia. Lakini waliokuwa wakiitwa wavamizi walikuwa pia waume na wana wa watu, waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki.

Wiki ijayo tutamtazama mnunuzi, ambaye gunia likishapita mizanini kwake, hakuna aulizaye lilichimbwa wapi.