Msimamo wa rika: wati za miguu zinavyosimulia umri wa mwili

Tarehe 9 Desemba 2020, siku aliyotimiza miaka 35, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za baiskeli za mtandaoni chini ya Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI. Baiskeli yake haikusogea hata hatua moja. Ilikuwa imefungwa kwenye kifaa kinachopima nguvu ya miguu, huku taswira yake ikikimbia kwenye skrini katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Watopia. Miaka 35 ndiyo umri ambao riadha ya wakongwe duniani huanza kumpokea mwanamichezo. Anayeutazama ushindi huo peke yake anaweza kusema kwamba umri hauna uzito katika mchezo huu, na kwamba kuwapanga waendeshaji kwa marika ni kuwabembeleza waliochoka. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Msimamo wa rika ni kipimo cha haki kinachotokana na jinsi mwili wa binadamu unavyozeeka, lakini faida yake kwa afya huonekana pale mtu anapoacha kuhesabu nafasi aliyoshika na kuanza kusoma nguvu zake mwenyewe mwaka hadi mwaka.

Mchezo wenyewe unaendeshwa kwa hesabu. Gurudumu la nyuma huondolewa, baiskeli ikapachikwa kwenye kifaa chenye ukinzani unaoweza kuongezwa au kupunguzwa. Kifaa hicho hupima nguvu kwa wati, kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye balbu na pasi ya umeme, na kuipeleka kwenye programu kama Zwift, iliyoanza mwaka 2014. Programu huchukua wati, uzito na urefu wa mwendeshaji, huongeza mwinuko wa barabara na nafuu ya upepo anayoipata aliyejificha nyuma ya wenzake, kisha hutoa mwendo. Mlimani kinachoamua ni wati kwa kila kilo ya mwili: mwenye kilo 70 anayedumisha wati 210 ana wati 3 kwa kilo. Kwa kuwa hakuna hofu ya kona kali, matope wala magari, kinachobaki kwenye mizani, kwa sehemu kubwa, ni moyo, mapafu na misuli. Ndiyo maana orodha ya matokeo ya mchezo huu inakaribia kuwa ripoti ya afya kuliko orodha za michezo mingi.

Viungo hivyo havisimami palepale. Uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni katika kazi ngumu kabisa, ambao ndio injini ya mbio ndefu, hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka 10 kwa mtu mzima asiyefanya mazoezi. Sababu mojawapo kubwa ni mapigo ya moyo. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2001, na inayotumika sana hadi leo, hukadiria kilele cha mapigo kwa kuzidisha umri kwa 0.7 na kutoa jibu katika 208. Mwenye miaka 30 hupata mapigo 187 kwa dakika, mwenye miaka 60 hupata 166. Mazoezi hayalizibi pengo hilo, na mapigo yakipungua, damu inayofika kwenye misuli kwa dakika hupungua nayo. Sababu nyingine ni misuli yenyewe, kwa kuwa nyuzi za kasi, zinazotegemewa katika mita za mwisho za mbio, hunyauka zaidi kuliko nyuzi za uvumilivu. Hata hivyo anayedumu katika mazoezi hushuka polepole hadi miaka ya hamsini au sitini, ndipo mteremko unapokuwa mkali. Ushindi wa Moolman-Pasio basi haupingani na baiolojia. Miaka 35 iko juu ya mteremko, ilhali miaka 65 iko katikati yake.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka ndani ya sayansi yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa King's College London walichapisha matokeo ya kuwapima waendesha baiskeli 125 wenye umri wa miaka 55 hadi 79, wanaume 84 na wanawake 41. Hawakuwa mabingwa, lakini hawakuwa wavivu pia: mwanaume alitakiwa aweze kumaliza kilomita 100 chini ya saa 6 na nusu, na mwanamke kilomita 60 chini ya saa 5 na nusu. Walipimwa moyo, mapafu, misuli, mifupa na mambo mengine mengi. Hakuna kipimo hata kimoja kilichotosha kubashiri umri wa mtu kwa uhakika; kilichokaribia zaidi kilikuwa uwezo wa kutumia oksijeni, nacho kilikosea sana kwa mtu mmoja mmoja. Ikiwa hali ya mwili haiutaji umri, kwa nini basi tuwapange watu kwa tarehe ya kuzaliwa?

Jibu ni kwamba tofauti kubwa kati ya watu wa umri mmoja ndiyo inayoupa msimamo wa rika thamani yake. Orodha ya jumla huchanganya mambo mawili: miaka, ambayo hakuna awezaye kuirudisha, na yale mengine yote, yaani mazoezi, usingizi, chakula, uzito, maradhi na urithi wa wazazi. Ukiwasimamisha pamoja watu wa rika moja, unaipunguza sehemu ya miaka na kuyaacha hayo mengine yaonekane. Si yote yanayobadilika, kwa maana hakuna aliyejichagulia wazazi, lakini mengi hubadilika. Mtu wa miaka 62 anayeambiwa ni wa elfu tatu kati ya wote hajaambiwa jambo la kumsaidia. Akiambiwa yuko nyuma ya nusu ya wenzake wa umri wake, amepewa swali la kwenda nalo mazoezini, na pengine kwa daktari.

Wapo wanaosema makundi ya uwezo, yanayopangwa kwa wati kwa kilo, yanatosha. Makundi hayo yana kazi yake, nayo ni kuamua nani akimbie na nani leo ili mbio ziwe na ushindani. Lakini hayasemi zaidi ya hapo. Mwenye miaka 28 na mwenye miaka 68, kila mmoja akiwa na wati 3 kwa kilo, watakaa kundi moja na huenda wakamaliza bega kwa bega. Kwa wa kwanza, namba hiyo inaonyesha kijana aliye vizuri ambaye bado ana nafasi ya kupanda. Kwa wa pili, ni dalili ya moyo na misuli iliyotunzwa kwa namna ya nadra. Kundi la uwezo linawaona sawa, na ni rika linalotufunulia tofauti yao.

Malalamiko kuhusu mipaka ya marika yana ukweli zaidi. Mbio za Gran Fondo za UCI, kwa mfano, huwapanga wakongwe kwa miaka mitano mitano, hivyo aliyetimiza 60 juzi anashindana na anayekaribia 65, katika umri ambao kila mwaka una gharama yake. Utafiti kwa waogeleaji na wanariadha wakongwe umeonyesha kwamba watu hujitokeza zaidi mwaka wanapoingia rika jipya, na hupungua kadiri wanavyokaribia kutoka. Dawa yake ipo tayari. Riadha ya wakongwe ina majedwali yanayolinganisha matokeo ya mtu na kiwango cha juu cha umri na jinsia yake, kisha kumpa asilimia. Mchezo unaorekodi kila wati kila sekunde hauna sababu ya kubaki na kisu butu cha miaka mitano.

Kuna pia suala la uaminifu. Uzito hutajwa na mwendeshaji mwenyewe: yule wa wati 210 akiandika kilo 65 badala ya 70, anapanda kutoka wati 3 hadi 3.2 bila kutoa jasho. Vifaa navyo hutofautiana kwa asilimia kadhaa. Mwaka 2019 bingwa wa taifa wa Uingereza alivuliwa taji kwa kutumia programu iliyomwendeshea safari ili apate baiskeli yenye kasi zaidi ndani ya mchezo. Haya yanaitia doa nafasi kwenye orodha, lakini hayaharibu kumbukumbu ya mtu anayejipima kwa kifaa kilekile na mizani ileile. Anayedanganya uzito wake anaharibu kipimo ambacho yeye mwenyewe angekihitaji kuliko mtu yeyote.

Je, ushindani hauwahatarishi wazee? Unaweza, usipoandamana na busara. Chumbani hakuna upepo wa kukausha jasho, na mzee huchelewa kuhisi kiu, kwa hiyo feni na maji ni sehemu ya vifaa. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama, na aliyekaa miaka bila mazoezi amwone daktari kabla ya mbio za kwanza. Baiskeli pia haibebeshi mifupa mzigo wa kuiimarisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku 2, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi yanayojumuisha usawa wa mwili siku 3. Pedali zinatimiza sehemu ya kwanza tu.

Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, anaonyesha mahali hoja hii inapofikia. Watafiti walimpima alipokuwa na miaka 101, na tena alipofikisha 103, baada ya kufuata mazoezi yaliyokuwa mepesi kwa asilimia 80 na makali kwa asilimia 20. Nguvu yake ya juu ilipanda kutoka wati 90 hadi 125. Mwaka 2014 alikwenda kilomita 26.927 kwa saa moja uwanjani. Januari 2017, akiwa na miaka 105, alikwenda kilomita 22.547, na rika jipya likafunguliwa kwa ajili yake. Ndani ya rika hilo alikuwa peke yake, hivyo nafasi ya kwanza haikumwambia yeye wala sayansi chochote. Kilichosema kitu ni zile wati 35 alizoziongeza baada ya kuvuka karne.